Sauti ya Mwalimu Ilivyotundikwa Moshini

Mwalimu Mwandawiro alipostaafu, mwanawe Titus alimletea kompyuta kuukuu kutoka ofisi moja ya Mombasa iliyokuwa ikibadilisha mashine zake. Ilikaa sebuleni kwao Mwakingali, pale Voi, chini ya kitambaa cha kufuma, na kipaza sauti kidogo ubavuni. Kila jioni baada ya sala, Mwalimu aliketi mbele yake akasimulia hadithi fupi alizozisikia kwa mama yake huko mlimani Werugha. Mkewe Gertrude ndiye aliyebonyeza kitufe cha kurekodi. Kaseti hawakuzitaka tena, maana za kwanza wajukuu walirekodi nyimbo juu yazo.

Mwaka wa ile mvua ya El Niño, kiharusi kilimwangusha Mwalimu. Kilimwachia uhai, kikamnyang'anya ulimi. Gertrude alimshukuru Mungu kwa kile kilichobaki. Lakini alifahamu kwamba sauti ya mumewe haiko tena popote ila ndani ya mashine ile, na stima ya Voi ilikuwa ikipotea na kurudi bila kubisha hodi.

Akaenda kwa Idris, mwenye duka la kupiga chapa karibu na stesheni.

"Nataka kitu cha kuweka akiba ya sauti za Mwalimu. Lakini kisiwe cha kununua."

"Cha bure, Mama Titus, ndicho cha kuogopwa. Keti." Idris alichambua disketi zake mezani. "Programu hii ni bure mwezi mmoja. Mwezi ukiisha inafunga mlango: wewe nje, vitu vyako ndani."

"Hiyo ni bure au ni mtego?"

"Ni biashara. Hii ya pili ni bure kweli. Inaminya hadithi zote ziwe kitu kimoja, kisha inakigawa kwenye disketi chache, kama mnyororo. Ikifa disketi moja, mnyororo umekatika, zote zimekwenda. Ya tatu aliyeiunda anaitoa sadaka. Haiminyi, kila hadithi inakaa peke yake kwenye disketi yake. Ila inakula disketi kama nzige, na sauti nazo ni nzito."

Gertrude hakukawia. Kwao mlimani mtu haweki mbegu zote kibuyu kimoja, wala halimi upande mmoja. Mwenye shamba bondeni ana kipande mlimani. Jua likiunguza huku, ukungu unalisha kule.

"Nipe ya sadaka."

"Na ujaribu kuzirudisha. Akiba isiyojaribiwa ni matumaini tu."

"Matumaini ni ya Mungu, Idris."

"Mungu hakatazi kujaribu."

Alijaribu. Sauti ya Mwalimu ikatoka kwenye disketi kama ilivyoingia, na kikohozi chake. Ndipo akazitia zote kiondoni akazipeleka Werugha kwa wifi yake Valentine, dada wa Mwalimu. Mashine ibaki bondeni, akiba ikae mlimani.

"Ni hadithi za kaka yako," akamwambia. "Zitunze kama mbegu."

Valentine alikuwa mtu wa neno lake.

Haukupita muda mrefu, stima ikapotea jioni moja, ikarudi na nguvu ya ajabu. Balbu zikawaka nyeupe, kompyuta ikatoa harufu ya plastiki inayoungua, kisha kimya. Idris aliifungua akatikisa kichwa. Diski ya ndani, zilipokaa sauti, ilikuwa imekufa.

"Ile akiba iko wapi?"

"Iko mlimani salama," akasema Gertrude, na moyo wake ulikuwa umetulia.

Ulitulia mpaka alipofika Werugha. Valentine alimwongoza jikoni. Juu ya mafiga, kwenye uchaga, kando ya mahindi ya mbegu, kiondo kilikuwa kikining'inia, kimekuwa cheusi kwa masizi.

"Valentine."

"Ulisema kama mbegu, wifi. Mbegu hukaa moshini. Hakuna mdudu aliyezigusa."

Gertrude aliketi juu ya kigoda. Amlaumu nani? Aliomba kimoyomoyo, kisha akasema, "Twende Voi. Na wewe utakuja."

Idris alizifuta kwa pamba, moja moja. Zile za juu na za katikati zilikingwa na ile ya chini, zikanguruma kidogo na kufunguka. Iliyokuwa chini kabisa ilikuwa imejikunja kama jani kavu, ikakataa hata kuingia.

"Hii basi. Lakini ungechukua ile ya mnyororo, Mama Titus, sasa tungekuwa tunasema inna lillahi kwa zote."

Iliyoungua ilikuwa hadithi ya fisi aliyekwenda Bura kuposa.

"Hiyo naijua," akasema Valentine. "Mama alitusimulia sote wawili, si yeye peke yake."

Titus alipotuma diski nyingine, walikaa sebuleni. Mwalimu alikuwa kitini kwake, Valentine mbele ya kipaza sauti, amejifunga leso mpya kana kwamba watu wangemwona. Gertrude akabonyeza.

"Fisi alitoka kwenda kuposa Bura, akachukua mbuzi mmoja wa mahari. Njiani njaa ikamshika, akamla mguu…"

Ko, ko. Mwalimu alikuwa akigonga meza kwa mkono wake mzima. Akainua vidole viwili.

"Mbuzi wawili?" Valentine akageuka. "Mama alisema mmoja, kaka."

Ko, ko, ko.

"Hata nguo hukuwa ukijua kuvaa, wewe, nilipokuwa nikiisikia. Haya, wawili. Ale wote, mchoyo wewe."

Mdomo wa Mwalimu ukaenda upande, ule upande uliobaki wa kucheka. Gertrude alinyoosha kidole aifute rekodi ile, waanze upya vizuri. Kisha akaurudisha mkono mapajani, akaiacha mashine iendelee.

Hadithi hiyo aliinakili kwenye disketi mbili. Alipompa Valentine ya kwake, huyu aliigeuzageuza.

"Sasa niiweke wapi?"

"Kabatini, na sahani."

"Na ile ya kwako?"

"Ya kwangu haitoki Voi. Ina Mwalimu akigonga meza, nataka nimsikie."