Jina la Mjomba Nililoliitikia Mahakamani

Siku ile kazi yangu mahakamani ilikuwa moja tu, kunyamaza, na ikanishinda. Karani aliposoma kwa sauti jina la mtu ambaye mirathi yake ndiyo iliyotuleta pale Newala mjini, jina la marehemu mjomba wangu, mimi niliinuka kwenye benchi nikasema, "Nipo."

Sikufanya mzaha. Afadhali ingekuwa mzaha, ningepata la kujitetea. Niliitika kama mtu anavyoitika akiitwa kula. Chumba kizima kiligeuka kuniangalia, na mama mmoja wa benchi la nyuma, aliyekuja kwa kesi yake ya mbuzi, akabeba kikapu chake akahamia upande wa pili.

Najua unacheka. Subiri kwanza nikueleze nilifikaje hapo.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi Makote kwa mama yangu, na tangu hapo safari zangu ndefu ni za kufuata maji. Wenzangu wapo Mtwara, wapo Dar es Salaam, wengine wamevuka Ruvuma na wanauza vitu wasivyopenda kuulizwa. Mjomba, kaka mkubwa wa mama yangu, alipofariki kule Chilangala, na matanga yakaisha, wazee walikaa kumtafuta mtu wa kushika jina lake. Kwetu jina la mtu mzima haliachwi likazurura. Hupewa mpwa, mtoto wa dada yake, na tangu siku hiyo mpwa huyo huitwa kwa jina hilo, na watu humwamkia kama walivyomwamkia mwenyewe. Wapwa wengine walikuwa na akili. Mmoja alishikwa na tumbo, mwingine alisema lori linamsubiri barabarani. Mimi sijawahi kusubiriwa na lori. Nilikuwa nyuma ya nyumba namalizia ugali wa watu.

Wakanitoa na mkono ungali na mboga. Wakanivalisha kofia ya marehemu, wakamwaga unga wa mtama upande wa kichwani pa kaburi, wakanena maneno yao. Wa kwanza kunisalimu alikuwa mama yangu mzazi. Alipiga goti mbele yangu, macho chini, akasema, "Shikamoo, kaka."

Niligeuka kutazama nyuma yangu. Hapakuwa na mtu. Nikasema marahaba, maana nyumbani kwetu salamu haiachwi bila jibu.

Mwanzoni niliona ni jambo la kuchekesha. Vijana wa kijiweni walinitania kwamba mke wangu ananisubiri Chilangala, wakimaanisha mkaza mjomba, mjane wa marehemu, mwanamke aliyenifuta makamasi nikiwa mdogo. Yeye mwenyewe hakutania. Nilipokwenda kumjulia hali aliniita kwa jina lile bila kusitasita, akanitolea kiti cha mumewe na kukiweka alipokuwa akikiweka siku zote, kikitazama njia ya shambani. Uji alioniletea haukuwa na sukari. Mimi napenda sukari kuliko ndugu zangu wengi. Nikanywa uji ule, nikaona mtamu, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Kulikuwa na binti yao, mtoto wao wa pekee, bado yuko shule ya msingi. Siku moja alitoka nje amekunja uso akaniuliza, "Baba, ufunguo wa stoo umeuweka wapi?"

Nikainua mkono, nikaupitisha juu ya boriti ya kibaraza, nikamkabidhi ufunguo. Alikwenda zake. Mimi nilibaki nautazama mkono wangu. Nilijiambia kwamba kila mtu wa Newala huweka ufunguo juu ya boriti, na ni kweli, wengi huweka. Ila mimi siweki. Kwetu hatuna stoo.

Kisha ukaja wakati wa kupuliza salfa, ule unga ambao mikorosho hupuliziwa ili maua yasioze. Nikaenda kumsaidia mkaza mjomba, nimevaa koti la mjomba kwa sababu ndilo lililokuwapo. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala chini, upepo hakuna, na salfa ikanifunika mpaka kope. Nilipotokea upande wa nyumba, mweupe mtupu, nikitembea taratibu kwa uzito wa mashine mgongoni, mkaza mjomba alikuwa anafagia. Ufagio ulimtoka. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya chini kabisa, "Umechelewa leo." Halafu akaingia ndani kunichemshia maji.

Maji yalipochemka, nilioga.

Wakati huohuo mjomba mdogo, mdogo wake marehemu anayeishi Lisekese, Masasi, alikuja na maneno yake. Alisema shamba na nyumba ni vya mwenye jina, yaani mimi, na ukoo ndio utakaovisimamia kwa niaba yangu. Mjane arudi kwa ndugu zake. Mtoto aende kulelewa Lisekese. Alinigeukia akasema kwamba mimi napenda kukaa nyumbani, basi nyumba ndiyo hii, nikae. Mkaza mjomba alisikiliza yote akiwa anachambua choroko. Nusu ya mikorosho ile aliipanda yeye, akiwa na ujauzito wa binti huyo. Mjomba mdogo alipoondoka, mkaza mjomba aliniuliza kama ninataka nyumba. Nikasema sitaki. Akauliza tena, safari hii kwa jina lile, kana kwamba anamuuliza mtu mwingine aliye nyuma ya macho yangu. Nikakawia kujibu.

Kesho yake alikwenda kwa msaidizi wa kisheria, mama mmoja kutoka Masasi ambaye siku za gulio hukaa kwenye kibaraza cha ofisi ya kata kusaidia watu wenye mashauri ya mirathi na malezi ya watoto. Nilimsindikiza. Mama yule alikuwa mcheshi, mwenye maganda ya karanga mapajani muda wote, na hofu kubwa ya mbwa. Alieleza kwamba jina wazee wanaweza kumpa wamtakaye, lakini nyumba na shamba vina mjane na mtoto, na korti ndiyo itakayoteua msimamizi wa mirathi, mtu wa kukusanya alivyoacha marehemu na kuwagawia wenye haki. Mjane mwenyewe anaweza kuomba awe msimamizi huyo. Ukoo ukae kikao kumpendekeza, maombi yapelekwe Mahakama ya Mwanzo, tangazo libandikwe, mwenye pingamizi ajitokeze.

"Na huyu?" mkaza mjomba akauliza, akininyooshea kidevu.

"Huyu anyamaze," alisema. "Akiweza."

Mama yangu na ndugu wachache walikaa kikao wakampendekeza mjane. Mjomba mdogo hakuja. Alituma salamu kwamba tutaonana mbele ya hakimu.

Siku ya shauri ikafika, karani akasoma jina, ndipo nikaitika.

Mjomba mdogo alisimama palepale. Nilitegemea kumwona na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Haukuwa huo. Macho yake yalikuwa na machozi, na alinitazama kama mtu anavyomtazama kaka yake aliyemlea.

"Mheshimiwa, umesikia mwenyewe," alisema. "Mwenye mali yupo. Mirathi ya mtu aliyepo inatoka wapi?"

Kama kuna mtu aliyecheka, mimi sikumsikia. Kwenye mabenchi watu walinong'ona, na wengi walikuwa wanakubali. Wale ni watu wa huku kwetu, wanajua jina ni nini. Msaidizi wa kisheria alishika paji la uso. Hakimu, kijana ambaye lafudhi yake ilikuwa ya mbali sana na huku, aliniuliza naitwa nani. Nikafungua kinywa nitaje jina langu la shuleni. Likatoka la mjomba.

Hakimu akaweka kalamu chini.

"Basi yule aliyezikwa Chilangala ni nani?"

Swali hilo kwetu haliulizwi. Wote waliokuwa mle walijua jibu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema mbele yangu, nikiwa nimesimama pale na jina lake. Feni iliyumba juu. Nilimwona yule binti, amekaa kati ya mama yake na mama yangu, na sare yake ya shule, ananitazama. Hakuwa anamtazama hakimu wala mjomba mdogo. Nikisema ndiye mimi, baba yake amerudi, na yeye atafungasha nguo zake kwenda Lisekese bila mama yake. Nikisema yumo kaburini, atabaki na nyumba na mama, na baba atakuwa amekufa tena, safari hii kwa kinywa changu.

Nadhani alikuwa anaomba nisijibu. Au alikuwa anaomba nijibu haraka. Mpaka leo sijamuuliza.

"Ni mjomba wangu," nikasema. "Mimi si yeye."

Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya kwangu ya zamani, ambayo sikuwa nimeisikia tangu matanga. Miguu ikapata baridi kama mtu aliyevua viatu kwenye umande. Nikakaa bila kuambiwa.

Hakimu alimuuliza mjomba mdogo kama ana pingamizi jingine. Hakuwa nalo. Lilikuwa hilo moja tu. Mkaza mjomba akateuliwa kuwa msimamizi, na ikasemwa wazi kwamba mtoto anabaki kwa mama yake. Msaidizi wa kisheria alimkumbatia mjane, kisha akanipita akisema kwamba kazi ya kunyamaza nisiiombe tena popote.

Nje, mjomba mdogo alikuwa ameshapanda bodaboda. Alimzuia dereva asiwashe, akaniita karibu. Hakuniita kwa jina lolote.

"Jina tulikupa juu ya kaburi," alisema. "Wewe umeliacha mle ndani kwenye benchi. Nani ataingia kulichukua?"

Mama yangu alikuwa nyuma yangu. Nikageuka nikamwamkia, shikamoo mama. Alinitazama kwa muda kabla ya kusema marahaba.

Siku zilizofuata niliona faida na hasara. Mkaza mjomba aliponikaribisha alinipa mkeka, uji ukawa na sukari, na jina langu alilitafuta kidogo kabla ya kulipata. Binti akaniita kaka, akanikabidhi ndoo nikachote maji. Mikorosho ilitoa maua, mwenye kusimamia akasimamia. Nilirudi Makote kitandani kwangu, mtu huru asiye na mke wa kurithi wala shemeji.

Kisha mkaza mjomba akatuma ujumbe. Alitaka kujua kama asubuhi ya ukungu nilikuwa nimepita shambani kwake, kwa sababu kuna mtu alitembea juu ya majani makavu ya mikorosho, akaja mpaka karibu na kibaraza, akasimama. Walisubiri apige hodi, yeye na binti. Hakupiga. Ukungu ulipoinuka hapakuwa na mtu, wala nyayo, ingawa pale mchanga ni mwingi.

Nilijibu kwamba sikuwa mimi. Ni kweli, sikuwa mimi. Asubuhi zote mimi nimelala.

Jioni nikaenda kwa jirani yetu, mama mtu mzima tunayepakana naye uani. Alikuwa anamenya mihogo. Nilimweleza yote, tangu kofia mpaka nyayo zisizokuwepo, nikitumaini ataniambia ni mbwa, au ni upepo, au ni fikra za mjane. Alinisikiliza mpaka mhogo wa mwisho. Akaosha kisu, akasimama, akajikung'uta kanga.

"Sasa akija kuulizia jina lake," alisema, "usimwelekeze kwangu."