Wafalme wa Ulaya na Kamba wa Salale

Niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa miaka miwili na ushee, kwamba Wazungu hawali kambamiti waliofungwa na mtu asiyewajua wazee wao. Usicheke. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kijiji kizima cha Salale tuliamini hivyo. Shehena yetu moja ilikuwa imerudishwa kutoka Ulaya, na habari ikatufikia kwenye kituo chetu cha kamba kwamba aliyetia saini kwenye maboksi aliulizwa mfalme wa kwanza wa huko ni nani, akabaki kukodoa macho. Basi wakamrudishia kamba wake.

Kwetu hilo halikuwa jambo la ajabu. Huku delta hakuna anayenunua hata dagaa kabla ya kuuliza: wewe wa nani, mama yako katokea upande gani, bibi yako kazikwa wapi. Ukikosa majibu, mizani haitundikwi. Sasa Mzungu naye si mtu?

Mimi kazi yangu ilikuwa kukusanya kamba. Kila siku nilipita mikokoni na boti ya barafu, kijito baada ya kijito, mgongo umepinda kama ndoana. Nilichokitaka duniani ni ile nafasi ya kutia saini: kiti, meza na kivuli. Niliposikia chuo kimoja cha Dar kimeanza kufundisha jioni pale Kibiti cheti cha masomo ya Ulaya, historia, uchumi, sheria na siasa vyote chungu kimoja, nikajiandikisha kabla msemaji hajafunga mdomo.

Jamani, nilichoka. Boti mpaka Nyamisati, kisha lori la mpunga mpaka Kibiti, nafika nimekuwa mweupe kwa vumbi hata mwalimu akadhani Ulaya imemfuata darasani. Mkataba wao wa soko la pamoja niliusoma mara arobaini, thelathini na tisa kati ya hizo nikiwa nimelala. Macho yaliwasha, miguu ilivimba, na alfajiri barafu ilikuwa inanisubiri palepale.

"Jana ulikuwa unataja watu usingizini," mke wangu aliniambia asubuhi moja. "Hao kina nani?"

"Wafalme."

"Watani zako?"

"Wa kazini."

"Basi waambie kesho waje wabebe barafu, wewe upumzike."

Cheti nilikipata. Nikakitia plastiki, nikakibeba kama mtoto mchanga. Wiki hiyohiyo akaja mkaguzi kutoka Dar, mwanamama mmoja mkimya, kuchagua mtia saini mpya. Siku hiyo sikwenda mikokoni. Boti nilimwachia mwenzangu wa kukusanya kamba, mimi nikashinda na pasi ya mkaa nikinyoosha shati.

Mkaguzi alipoingia nikamkabidhi cheti kwa mikono miwili, nikaanza na wafalme kwa zamu zao. Nilifika wa saba. Yeye alikuwa amekwisha kuzamisha mkono ndani ya boksi.

"Hawa wametiwa barafu saa ngapi?"

Mwenzangu, kalowa mpaka kiunoni, akajibu kutoka mlangoni, "Saa kumi na moja alfajiri, dada. Nimeongeza tena mikokoni, na hapa nilipofika nimeongeza."

Mkaguzi akampa yeye kalamu.

Nikamfuata mkaguzi mpaka kwenye boti yake, cheti mkononi. Nikamwambia, kwa heshima zote, dada yangu, huyu bwana hamjui hata mfalme mmoja. Wakimuuliza huko Ulaya atajibu nini? Si watarudisha tena?

Akaweka mkoba wake botini, akanigeukia.

"Kaka," akasema, "ile shehena ilirudi kwa sababu barafu iliyeyuka, kamba wakaoza. Hakuna aliyeulizwa mfalme."