Nani Alibebwa Mabegani?

Harufu ya kibuyu cha maziwa kikifukizwa moshi hunirudisha mtaani kwetu Wabera, kwenye masika ya mwaka aliofariki Baba, dereva wa lori la kwenda Merti. Shangazi Halima, dada yake, alihamia kwetu, na kila jioni, akifukiza vibuyu, alinisimulia jinsi Baba alivyonivusha mto Ewaso Nyiro lori lilipokwama: mimi mabegani, maji kifuani mwake, tende mdomoni mwangu. Nilimshuku mapema. Leo maji yalifika kifuani, kesho shingoni. Nami, kwa kuwa njia ya mwongo ni fupi, nikawa namvizia ajikwae. Lakini tende hazikubadilika hata mara moja. Masika yalipokwisha nilikuwa nikiuhisi utamu wake, na joto la shingo ya Baba, na dizeli katika nywele zake. Sina kumbukumbu nyingine ya Baba. Ni hiyo tu, na nailinda kwa wivu.

Idi iliyopita, tende zilipopitishwa, nikaisimulia mbele ya kaka yangu Hassan. Akaacha kula.

"Wewe? Si ni mimi Baba alibeba! Na haikuwa tende, ilikuwa biskuti ya tangawizi. Wewe ulikuwa hapa nyumbani na surua."

Alikumbuka hata biskuti ilivyolowa. Nilimtazama kama mtu niliyemkuta amevaa viatu vyangu. Kisha nikakumbuka kwamba masika yale, asubuhi, Shangazi ndiye aliyekuwa akimsindikiza Hassan madrasa, wakitembea polepole wakizungumza.

Siku hizi wanasema ubongo hauweki picha kabatini. Huijenga upya kila tunaposimulia, na jambo lililosikika sana hukaa chumba kimoja na lililoonekana. Wazee walishasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Niliogopa, wallahi. Huenda Baba niliyemshika kichwa alitoka kwenye moshi wa vibuyu.

Nilimfuata Shangazi jikoni. Amezeeka, maziwa yenyewe sasa huja kwa pakiti, lakini vibuyu bado anavifukiza. Nikamuuliza bila kuzunguka: nani alibebwa?

Alipuliza kaa la moto kwanza.

"Baba yenu alikuwa na mabega mbili, mama," akasema. "Sasa unataka nishushe nani?"

Bado namshuku, tena kuliko zamani. Ila utotoni nilimvizia ajikwae, na sasa kila akifungua mdomo naomba Mungu asijikwae, maana siku hiyo mmoja wetu atabaki bila baba.