Daktari Alitupa Kipimo cha Ida Pipani

Nilimwona daktari kwa macho yangu akikunjakunja karatasi ya kipimo cha ubongo wa mtu aliye hai, akakitupa kwenye pipa la taka.

Mwenye ubongo wake alikuwa amekaa nje ya mlango, anasubiri majibu.

Nina miaka themanini na kitu sasa. Hasira haijaisha. Acha niitoe hapa.

Ilikuwa Ballarat, mji wa Australia, mwaka 1961. Naitwa Nola, na kazi yangu hospitalini ilikuwa kuendesha mashine ya kusoma umeme wa ubongo. Unambandika mtu nyaya kichwani, kalamu nane zinachora mistari kwenye karatasi inayokimbia.

Enzi hizo hakukuwa na mashine ya kupiga picha ubongo ukauona. Ni hiyo mistari tu, na macho yako.

Ida Trewin alikuwa mfumaji kwenye kiwanda cha mablanketi. Mcheshi balaa.

"Binti, ukikuta humo ndani hamna kitu, usimwambie mume wangu. Atasema alijua siku nyingi."

Nikacheka. Kalamu zikaanza.

Upande wa kulia, safi. Mistari midogo, ya harakaharaka.

Upande wa kushoto, juu ya sikio, mawimbi mapana, mazito, yanajikokota. Na kalamu mbili zilizo jirani zinapingana: hii ikipanda, ile inashuka.

Nikainama karibu. Hapo zinapopingana ndipo penye kitu. Nikapazungushia duara jekundu.

Miezi saba Ida alikuwa ananusa mpira unaoungua, na hakuna kinachoungua. Maneno yanamkatikia mdomoni. Anaambiwa ni neva, wasiwasi tu wa kichwani.

Karatasi nikampelekea bosi wangu, Daktari Venning.

"Nani kakwambia uchore?"

"Daktari, nadhani kuna uvimbe hapo..."

"Unadhani? Wewe kazi yako kubandika nyaya. Huyu mama ni mambo ya umri tu. Na hiyo mashine yako mbovu."

Pipani.

Akatoka, akamwambia Ida: "Nenda nyumbani mama, pumzika, kapike. Ukiwa na shughuli utasahau."

Ida akaniangalia mimi. Nikanyamaza.

Kwa hilo najichukia mpaka leo.

Alipoondoka nikaiokota ile karatasi, nikainyoosha kwa viganja. Kesho yake nikamfuata Venning mbele ya wanafunzi wake.

"Daktari, kama mashine ni mbovu, tuipime. Kaa wewe."

"Nikae mimi?"

"Ikichora upuuzi, naomba msamaha hapahapa."

Akakaa, anacheka, anawakonyeza wanafunzi. Nikambandika nyaya zilezile, sehemu zilezile.

Mistari ikatoka safi, pande zote mbili.

Kicheko kikakatika. "Bahati tu," akasema, akazing'oa nyaya mwenyewe.

Bahati! Nilitamani kumrushia mashine nzima.

Nikabeba karatasi zote mbili, nikapanda treni ya asubuhi kwenda Melbourne kwa bingwa mmoja wa upasuaji wa ubongo, Mhungaria, Daktari Szabo. Miadi sina. Nikang'ang'ania mlangoni kwake mpaka akatoka kwenda kula. Akazisoma amesimama, mkate uko mkononi.

"Hii safi ya nani?"

"Ya bosi wangu. Mzima kabisa."

"Na hii?"

"Ya mama anayeambiwa ana neva."

Mkate akauweka chini. "Mlete. Usipitie kwa mtu yeyote. Mlete."

Nikampeleka Ida. Walipofungua fuvu, uvimbe ulikuwa palepale, ndani ya duara langu. Mkubwa kama yai la kuku. Wakautoa.

Szabo, mtu wa utaratibu, akarudisha karatasi hospitalini kwetu pamoja na ripoti.

Miezi mitano baadaye kukawa na mkutano wa madaktari, waandishi wa habari wamejaa. Venning yuko jukwaani. Karatasi zangu zimetundikwa ukutani.

"Nilipoyaona mawimbi haya," anasema, "sikusita hata kidogo."

Mimi nilikuwa nagawa chai.

Kisha akamwita Ida, kitambaa kichwani, awe kielelezo chake. "Mama, waeleze unavyojisikia."

"Najisikia vizuri. Namshukuru aliyeuona ugonjwa wangu."

Venning akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Siyo wewe," Ida akasema. "Wewe uliniambia nikapike. Ni yule binti pale, aliyeshika birika."

Ukumbi mzima ukageuka. Birika likainama mkononi mwangu, chai ikamwagikia viatu vya mtu.

Mnadhani nilipongezwa? Jumatatu nikahamishiwa chumba cha mafaili. Makala ya Venning kuhusu uvimbe wa Ida ikachapishwa vilevile kwenye jarida la madaktari, jina lake peke yake.

Ila Ida aliishi miaka thelathini na moja mingine, anaongea kama redio.

Nyie mnaofanya kazi chini ya wakubwa, nisikilizeni. Andikeni majina yenu kwenye kazi zenu. Na mgonjwa akikutazama usoni, na wewe unajua ukweli, ufungue mdomo palepale.

Mimi nilichelewa siku moja. Uvimbe hausubiri mtu ajipange.