Karatasi za Ndani ya Santuri

Mimi ni mtu wa kushuku. Kazi ndiyo iliyonipa tabia hiyo, au labda tabia ndiyo iliyonipatia kazi. Ni karani wa kutoa mizigo bandarini. Kutwa nasimama mbele ya makontena nikilinganisha kilichoandikwa kwenye karatasi na kilichomo ndani, na mara nyingi havifanani. Kwa hiyo mama mwenye nyumba niliyopanga Kibokoni aliponiambia niko huru kuazima santuri zake, jambo la kwanza nililojiuliza ni anataka nini kwangu.

Alikuwa mjane. Marehemu mumewe alikuwa baharia, na katika chumba cha chini aliacha ukuta mzima wa santuri, kutoka sakafuni hadi kwenye boriti. Mama alikuwa amenisikia nikijifunza sauti yangu ya kwaya bafuni, akasema mwenye sikio si vizuri likae bure. Masharti yake yalikuwa matatu: nichukue moja moja, nianzie mwisho wa kushoto wa rafu ya chini bila kuruka, na nirudishe kila kitu kama nilivyokikuta.

"Pamoja na kilichomo ndani," akaongeza.

Mimi nikayaweka maneno hayo moyoni kama onyo.

Nilidhani jazi naijua. Kwetu Taita jazi ni bendi ya magitaa, watu wacheze mpaka vumbi litimke. Santuri ya kwanza niliyoiweka iliandikwa jazi jaladani, lakini ilikuwa na saksafoni iliyokwenda huku dramu zikienda kule, nikaikagua sindano nikidhani imeharibika. Ya pili ilikuwa fidla tupu, kundi zima. Nilisubiri mwimbaji aingie. Upande wa kwanza ukaisha, nikageuza, nikasubiri tena. Ya tatu ikawa saksafoni nyingine. Hazikupangwa kwa majina wala kwa aina, na mtu wa mafaili kama mimi mpango usioeleweka humnyima raha.

Lakini zilinikamata, sifichi. Baada ya miezi michache nilikuwa nikitoka kazini mbio. Wenzangu tuliozoea kula pamoja Mwembe Tayari wakaacha kunipigia simu. Nilijifunza kuisikia besi chini ya vitu vyote, nikajua kungoja piano irudi pale ilipoanzia. Jumamosi moja alasiri niliweka santuri ya ile fidla kubwa inayopigwa mtu ameketi, peke yake, bila chombo kingine, na nikajikuta nalia. Mimi, mwana wa mkulima wa kabeji, nalia kwa sababu ya fidla. Hapo niliogopa kwelikweli.

Maana ndani ya kila jalada mlikuwa na karatasi iliyokunjwa, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, wino wa buluu. Ile ya fidla kubwa ilikuwa ndefu kuliko zote, imejaa pande zote mbili, imekunjwa mara nne. Mimi herufi hizo sizijui. Tena kila Ijumaa mama alijifungia katika chumba kile akafukiza ubani. Na kila niliporudisha santuri aliniuliza, "Haya, umesikia nini?" kisha akainamisha kichwa kunisikiliza, kama daktari anayengoja dawa ifanye kazi.

Nikajumlisha, nikapata azima, maandishi ya uganga. Mwenzangu mmoja kazini, Mdigo, nilipomdokezea alicheka, akasema mshahara wangu hautoshi kumfanya mtu ahangaike kuniroga. Sikucheka. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nalala juu ya dari ya chumba kile.

Basi mama akaenda kutolewa mtoto wa jicho. Siku hizo alikuwa haoni tena ila vivuli, akitembea kwa kupapasa ukuta. Baada ya matibabu alikaa kwa bintiye kwanza, na nyumba ikabaki kimya. Nikatoa karatasi katika kila jalada nililokwisha kulisikiliza, rafu moja na nusu, nikazitia katika bahasha ya kazini. Jumapili, nikienda kanisani Likoni, niliomba dua pale Feri kabla ya kupanda kivuko, na tulipofika katikati ya mkondo nikaimwaga bahasha majini. Moyo ulikuwa mwepesi siku nzima. Santuri zenyewe sikuacha kuzisikiliza.

Aliporudi, hata baibui hakuvua. Alipita moja kwa moja hadi kwenye rafu. Nilikuwa nashuka ngazi nikamwona anachungulia jalada la kwanza, analirudisha, anachukua la pili, la tatu. Alikuwa akitumia macho, hakupapasa tena. Akaniita.

"Mwanangu, karatasi ziwapi?"

Nikamuuliza karatasi gani. Akasogea hadi kwenye rafu ambayo sikuwa nimeifikia, akatoa jalada, akakunjua karatasi, akaisogeza dirishani na kusoma taratibu, bila miwani:

"Hini nimeinunua mvua ikinyesha, duka dogo nyuma ya bandari. Hapo mwanzo piano yaenda kama wewe ushukapo ngazi na mkeka mkononi. Isikize Ijumaa alasiri, nami huku nitakuwa naikumbuka."

Ndipo akanieleza. Mumewe alikuwa akileta santuri kila safari, na zingine akizituma na mabaharia wenzake. Zilipangwa kwa safari, ya kwanza mpaka ya mwisho. Yeye shule hakwenda, alisoma chuoni tu, kwa mwalimu wa Kurani, kwa hiyo bwana akamwandikia kwa herufi anazozijua, kila santuri na maneno yake, wapate kusikiliza kitu kimoja wakiwa mbali. Ubani ulikuwa wa kufukuza ukungu na wadudu. Na macho alikwenda kutibiwa kwa ajili ya karatasi zile, maana alikuwa ameanza kuzisahau; kila aliponiuliza nimesikia nini, alikuwa akiyatafuta maneno ya bwana katika yangu.

Nilimwambia nilichofanya. Sikuwa na pa kujificha. Aliniuliza nilidhani ni nini, nikasema azima. Akataka kucheka, kicheko kikamfia.

"Nilikupa wewe kwa kuwa hizi huzisomi," akasema. "Wajukuu wangu wasoma, wangenicheka."

Nililia mbele yake bila aibu. Miaka yote nakagua karatasi za watu nisiowajua, na hizi nimezitupa bila kumuuliza hata mtoto wa chuoni zimeandikwa nini. Nikamwambia nitahama. Akasema nikihama nani atageuza santuri, akaniagiza nirudi Ijumaa na kalamu.

Basi kila Ijumaa alasiri napiga zile nilizozivua karatasi, kuanzia ya kwanza. Yeye anasikiliza, anakumbuka alichoandikiwa, mimi naandika. Zingine zinamjia zote, hata jina la mtaa wa duka. Zingine zinamjia maneno mawili matatu. Naandika kwa herufi zangu ambazo yeye hazisomi, na hajanilalamikia.

Ijumaa iliyopita tulifika kwenye fidla kubwa. Nikaiweka, nikaketi na kalamu tayari. Alisikiliza upande wa kwanza mikono mapajani, kisha wa pili, macho yake mapya yakitazama ukutani. Ilipokwisha nilingoja.

"Hini hakuniandikia kitu," akasema.

Nilimtazama, maana ile karatasi niliiona imejaa pande zote mbili, nijue kama amesahau au ananificha, na uso wake haukuniambia lolote. Kushuku ndiyo kazi yangu, lakini siku hiyo sikumuuliza. Nilichukua karatasi tupu, nikaikunja mara nne, nikaitia ndani ya jalada.