Samaki Aliyekufa Leo

Mama alipoacha kula, mimi nilikuwa Buffalo nikiwalisha mama za watu wengine kwa kijiko. Ndiyo ilikuwa kazi yangu katika nyumba ya wazee: kuwaogesha, kuwageuza kitandani, kuwabembeleza wamalize uji wao. Nilikuwa hodari. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye hakumfungulia mdomo mtu yeyote ila mimi, na wakubwa wangu walinisifu kwa hilo. Nikitoka hapo napanda basi hadi mtaa wangu wa West Side, naingia nyumbani, nampigia dada yangu simu Louisville, naye ananiambia kwamba leo mama amekula vijiko viwili vya wali. Nilikuwa nikikata simu nalia kwa hasira, na sijui namkasirikia nani.

Tulikuwa watoto watatu, mimi wa mwisho. Katika kambi ya wakimbizi faili zetu zilifunguliwa mbalimbali, kwa hiyo na Amerika ilitupokea mbalimbali: dada mkubwa pamoja na mama Louisville, kaka Columbus, mimi Buffalo. Watu wa ofisini walitutuliza kwamba ni karibu. Kwenye ramani ni karibu kweli, unaweza kuifunika miji yote mitatu kwa kiganja. Lakini mtu asiye na gari, mwenye siku moja ya kupumzika kwa wiki, ramani haimsaidii kitu. Nilimwona mama mara moja kwa mwaka, na kila mara nilikuta amekuwa mfupi zaidi.

Majira ya baridi alifanyiwa upasuaji wa tumbo. Kidonda kilipona, hamu ya chakula haikurudi. Hospitalini walimpa maziwa ya chupa, yale mazito yenye sukari nyingi, naye akawa anayamimina kwenye chungu cha maua cha dada pale dirishani. Daktari akasema asipokula, itabidi apitishiwe mpira wa kulishia puani. Dada alituambia hayo Jumapili moja baada ya ibada, sote watatu tukiwa kwenye simu, akaiweka simu mezani ili mama asikie.

"Mama," kaka akauliza, "donc, utakula nini? Sema tu kitu moja."

Tukasikia sauti ya mama karibu sana na simu:

"Ninataka samaki mwenye amekufa leo. Na kichwa yake."

Lazima nieleze mama yangu alikuwa nani kwenye mambo ya samaki. Kwetu Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, alinunua samaki ufukweni na kuwauza sokoni kwa zaidi ya miaka ishirini. Asubuhi wanaume wakirudi, walimkuta amekwisha kusimama majini hadi magotini. Alikuwa akiinua shavu la samaki kwa kidole gumba kuona kama matamvua bado ni mekundu, anatazama jicho, anataja bei, na mvuvi habishi. Nyumbani kichwa cha kuhe, yule samaki wetu mkubwa, kilikuwa chake. Baba alipewa mkia na alishukuru. Louisville dada alimnunulia samaki wazima kwenye duka la Waafrika, wenye vichwa na kila kitu, wamegandishwa wakawa wagumu kama matofali. Mama aliinua shavu la mmoja, akalirudisha taratibu, akasema huyu alikufa mwaka mwingine.

Jirani zangu Buffalo huvua mtoni, lakini kuna vibao vya kuwaonya watu juu ya kula samaki wa pale, na sikuwa tayari kumpelekea mgonjwa samaki mwenye kibao. Kaka ndiye aliyepata njia. Alikuwa akipanga maboksi kwenye ghala huko Westerville, karibu na Columbus, na mwenzake mmoja, mtu wa kusini, alimwambia kwamba pwani ya Carolina Kusini kuna watu ambao kazi yao ni kukupeleka kuvua. Unamlipa, anakuja na boti, fimbo za kuvulia na chambo. Yeye anajua samaki walipo, wewe kazi yako ni kuvuta. Samaki mwenyewe ni mwekundu, mnene, anakula kwenye maji ya kina kifupi kati ya nyasi za pwani. Kaka akapiga simu. Mwenye boti akamhakikishia kwamba hata kusafisha samaki ni juu yake, sisi hatutashika kisu. Tulifurahia huduma hiyo. Wajinga sisi.

Mpango mzima ulikuwa mpango wa saa. Boti inaondoka alfajiri, saa nne asubuhi tuko nchi kavu, halafu mwendo wa saa kumi hadi Louisville, ambako mwezi wa sita jua huchelewa kutua. Tukikaza mwendo, samaki atafika siku ileile aliyokufa. Mama hatukumwambia neno. Tulitaka kumshtukiza, na pia tuliogopa kurudi mikono mitupu. Dada akabaki naye. Mimi nikaomba siku nne kazini, nikapanda basi hadi Columbus, na kaka akanichukua kwa gari lake tukateremka kusini kupitia milimani, yeye kimya kama kawaida yake, mimi nikisema kwa ajili ya wawili.

Mwenye boti alikuwa mtu mpole mwenye shingo iliyoungua na jua, na alitutaka tumwite Kapteni. Kapteni wa boti ya watu watatu, bapa kama sinia! Nilijizuia kucheka. Lakini tulipofika kwenye nyasi alizima injini, akapanda juu ya kijukwaa nyuma, akashika upondo mrefu, akaanza kutusukuma bila sauti, na kicheko kikaniisha. Nilidhani kazi ya upondo tuliiacha kwetu. Maji yalikuwa ya magotini, yananuka matope na chumvi. Nilitamani nyumbani ghafla, vibaya sana, hata nikashika ukingo wa boti.

Kaka alisimama mbele na fimbo. Kapteni akanong'ona kutoka juu, "Saa nne! Saa nne!" Kaka akatoa simu mfukoni, akaitazama, akamjibu kwa heshima zote kwamba bado, ni saa moja na nusu. Kumbe wao huonyesha upande kwa kufuata mishale ya saa, na alimaanisha mbele kushoto. Tulipomaliza kuelezana, samaki alikuwa ameshakwenda zake.

Wa pili hatukumkosa. Mkia ulitangulia kuonekana, umesimama juu ya maji, na doa jeusi karibu na mwisho wake. Kaka akarusha, uzi ukakaza, na baada ya mvutano mrefu Kapteni akamtoa samaki mwenye kichwa kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuviona Amerika. Akamlaza juu ya rula. Akatikisa kichwa. Alikuwa mrefu kuliko sheria inavyoruhusu, wakubwa huachwa wazae. Akamrudisha majini kwa mikono miwili, akamshikilia hadi alipopata nguvu, akamwachia. Kaka alibaki ameinama anatazama maji, nami nikasema kwa Kiswahili maneno ambayo sitayaandika hapa.

Halafu ikawa zamu yangu. Siwezi kueleza vizuri kile kilichonipata. Kitu kilivuta kutoka chini, nikavuta, kikavuta tena, na nikajikuta napiga kelele za furaha mimi mtu mzima. Alipotolewa aliguna, kweli aliguna, sauti ya tumboni. Rula ikamkubali. Baadaye kaka akapata mwingine wa kipimo hichohicho, na Kapteni akageuza boti. Samaki wawili, vichwa viwili. Nilimwambia kaka kwamba mama atachagua mwenyewe.

Gatini nilikwenda chooni kubadilisha nguo zilizolowa. Sikukaa hata dakika tano. Niliporudi, Kapteni alikuwa kwenye meza ya kusafishia, na ndege wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo walikuwa wamejipanga mbele yake kama watu wa msibani wanaongoja chakula. Minofu miwili safi ilikuwa pembeni. Kichwa na mifupa ya samaki wa kaka vilikuwa vinashuka kwenye koo la ndege mmoja, nikaona kabisa vinavyoshuka. Kaka alisimama pale na boksi la barafu mikononi, mdomo wazi. Hakutaka kumwaibisha mtu anayetufanyia wema. Ndivyo alivyo kaka yangu, anaweza kuacha nyumba iungue kuliko kumkatisha mtu maneno.

Kisu kilikuwa kimekwisha kupita ubavu mmoja wa samaki wa pili.

"Kichwa! Wacha kichwa!" Nilipiga yowe kwa Kiswahili, nikaruka nikamkumbatia samaki na damu yake yote. Kapteni akarudi nyuma akiinua mikono. Nilipopata Kiingereza changu nilimweleza kwamba tumekuja kwa ajili ya kichwa, kwamba mama yetu hali chakula, kwamba lazima kifike leo. Alivua kofia. Alisema katika miaka yote ya kazi yake hakuna mteja aliyewahi kukitaka. Kisha akamchukua samaki wangu, ambaye sasa alikuwa na ubavu mmoja wa nyama na mwingine wa mifupa mitupu, akamfunga vizuri, akamlaza kwenye barafu.

Njiani dada alipiga simu karibu kila saa. Hatimaye alishindwa kuficha, akamwambia mama kwamba kuna samaki anakuja. Mama ameoga. Mama amevaa kitenge kipya. Mama ameketi jikoni tangu saa nane na hataki mtu ainjike kitu kingine motoni. Kaka aliendesha bila kusimama ila kuweka mafuta. Nilikuwa nikifungua boksi kila baada ya muda kutazama lile jicho, nikiogopa lisije likafifia kabla hatujafika.

Tulifika bado kuna mwanga. Mama alikuwa mwepesi nilipomkumbatia, niliisikia mifupa yake. Hakuniuliza habari za safari. Alifungua boksi, akainua shavu kwa kidole gumba, akatazama ndani, na uso wake ukarudi kuwa uso wa mwanamke wa ufukweni ambaye wavuvi hawabishi naye. "Ni wa leo," akasema. Akageuza upande uliokatwa, akatuangalia mmoja mmoja. "Nani aliiba nusu?" Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi dada kumsikia akifanya mzaha.

Akampika mwenyewe, ameketi kwenye kiti mbele ya jiko, na nyanya, kitunguu, chumvi na pilipili moja nzima. Tukasonga bugali. Mtoto wa dada alikuja, akaona kichwa kwenye sahani, akasema kwa Kiingereza kwamba samaki anamtazama, akakimbia. Mama alikula shavu. Alikula jicho. Alivunja mifupa ya kichwa mmoja mmoja akainyonya, na sisi watatu, watu wazima wenye kazi na watoto, tuliketi tukimtazama bila kugusa chakula chetu.

Aliponawa, akanigeukia.

"Ule samaki alivuta?"

Nikamweleza kila kitu: upondo, nyasi, mkia ulivyosimama, mguno. Alisikiliza ameinama mbele, mikono imeshika hewa kama ameshika fimbo. Nilipomaliza aliishusha mikono mapajani.

"Na mimi mulinificha juu ya nini?"

"Mama, ulikuwa mgonjwa," dada akasema. "Safari ni murefu. Ungechoka."

"Nimechoka kukaa." Hakupaza sauti. "Miaka makumi mbili nilisimama ku mayi, ninapokea samaki mu mikono ya wanaume. Hata siku moja sikupanda mu mtumbwi. Nilikuwa nawaangalia tu venye wanaenda. Bon. Nikasema ninataka samaki mwenye amekufa leo. Nilijua hamuwezi kumupata bila kwenda ku mayi. Nilizani mutasema, mama, twende."

Kaka aliinuka akaenda kusimama uani. Mimi nilitazama sahani yangu na nikatamani siku ile irudi tangu alfajiri, irudi yote, hata kwa samaki sifuri.

Tangu jioni ile mama alikula. Si sana, ila ule mpira wa puani haukutajwa tena. Tulimwahidi kwenda naye mwezi wa sita unaofuata, naye akawaambia wanawake wote wa kanisa kwamba anakwenda kuvua, akanunua kofia ya jua, akawa ananipigia simu Buffalo kuniuliza kama samaki yule anapenda chambo cha namna gani. Mwezi wa pili nilimpigia Kapteni mwenyewe. Nikaomba nafasi za watu wanne, mmoja ni mama mzee anayehitaji kiti chenye mgongo. Alinikumbuka mara moja. Akasema ataazima boti pana ya rafiki yake.

Mwezi wa nne mama alijilaza baada ya chakula cha mchana na hakuamka.

Baada ya mazishi ilinibidi nimpigie tena Kapteni. Nilikuwa nimejiandikia maneno kwenye karatasi ili nisikwame. Nikamwambia tutakuwa watatu tu. Akasema hakuna shida, hayo hutokea. Kisha akauliza kama yule mama angependa apangiwe siku nyingine, maana mwezi wa tisa jua limepungua ukali na samaki huwa wengi, angefurahi zaidi.

Nilitazama karatasi yangu, pale nilipoandika kwamba mama amefariki. Nikamwambia ndiyo, mwandikie mwezi wa tisa.