Siku nilimucheka rafiki yangu ku kinu

Hapa Kasongo watu walinijua juu ya kuiga sauti zao. Katekista wetu anasema kwa pua: "Ndu-gu zaa-ngu, tuke-ti." Mama wa kuuza mupunga anasema sawa kuku anatafuta pa kutaga: "Weka, weka, weka kwanza." Mimi nafungua tu kinywa, watu wanashika tumbo. Na kwetu, siku ya kuondoa matanga, wanaita mwenye kujua kuiga marehemu, asemeshe watu kwa sauti yake mara ya mwisho. Siku zote walikuwa wananiita mimi.

Kisha masikio yakaanza kufunga. Kwanza la kushoto, la kuume likafuata polepole. Sikuambia mutu. Mwenye kuiga asiposikia, anabaki nani? Nikaiga hata kusikia. Wakicheka, nacheka. Wakitikisa kichwa, natikisa. Wakasema, "Bibi huyu, uzee haumuone."

Rafiki yangu alikuwa mama wa kabila la Wamaza, aliolewa huku angali mudogo. Tulitwanga mupunga ku kinu kimoja tangu tuko wasichana. Muchi wake ukishuka, wangu unapanda. Kazi ile haiombe masikio, macho yanatosha. Alikuwa anasimama ku mukono wangu wa kushoto.

Siku moja akasimamisha muchi. Akasema kitu, kifupi tu, anaangalia mupunga. Kila mara akisimamisha muchi ni kwa kumusengenya bwana yake. Basi nikacheka. Nikacheka sana, nikamupiga na bega. Akaniangalia kidogo, tukamaliza kutwanga. Kesho yake hakukuja, wala kesho kutwa. Mimi nikanuna: amepata kinu kingine. Miezi ikapita, sikuenda kwake mpaka walikuja kuniita ku kilio chake.

Siku ya kuondoa matanga, nasimama nimuige, binti yake mukubwa akanishika mukono. Akasema karibu na sikio la kuume, kwa nguvu:

"Mama mukubwa, acha. Wewe ndiye wa kwanza alikuambia iko na kivimbe ku titi. Ukamucheka. Akasema, kumbe ni kitu ya kuchekwa. Akafunika nguo, hakuambia tena mutu, mpaka kikapasuka."

Nikasema, "Mutoto wangu, sikusikia. Sisikie. Iko miaka sasa."

Watu kiwanja kizima wakacheka. Walizani naiga kiziwi.

Binti hakucheka. Aliniangalia macho, kisha akakaa chini, nami nikakaa. Hakuna mutu aliiga marehemu siku ile.

Sasa anakuja tutwange pamoja. Anasimama ku mukono wa kuume. Akitaka kusema, ananigusa kwanza, anaweka kinywa ku sikio: "Wewe muzee, twanga, usilale." Wanasema sauti yake ni ya mama yake kabisa. Mimi naisikia sawa mutu iko anasema ndani ya mutungi, sijue.

Mara moja moja ananiomba nimuigie mama yake kidogo. Naiga. Inatoka sauti ya zamani, ya usichana wetu, anafurahi, anafuta macho. Lakini ile ya siku alisimamisha muchi, ile sina.